Kisu Kilichoangukia Bondeni

Mama yangu Vena,

Kwanza kabisa ujue barua hii inatoka kwa mtu mwenye bahati kuliko wote kuanzia Mafinga mpaka Makambako, na ukinibana sana nitasema mpaka Tunduma. Wenzangu wengine walirithi mawe. Wengine walirithi kesi, mpaka leo wanaipeleka barazani na kuirudisha. Mimi nilirithi bonde. Bonde lenye chemchemi, udongo mweusi kama masizi ya sufuria, ambapo mwezi wa tisa, milima yote ikiwa imepauka na ng'ombe wa watu wanalamba vumbi, kinyungu cha Festo, yaani bustani ya bondeni, kinatoa mahindi mabichi, njegere na kabichi za kumtoa mtu machozi. Tena nililipata bila kutoa jasho, bila kumhonga mtu, na nikiwa hata sipo. Kisu kilirushwa, kikaangukia bondeni, wakanitangaza mwenye bonde vumbi la lori likiwa bado kwenye nyusi zangu. Watu wameniuliza dawa niliitoa kwa mganga wa wapi. Huwa nawaambia dawa yenyewe ni kuzaliwa mimi.

Umeyasikia hayo tangu unabebwa mgongoni. Usikunje karatasi, endelea kusoma.

Mambo ya sweta, ya kufunga mlango, ya kutotembea na simu mkononi pale stendi, mama yako ameshakwambia mpaka mbuzi nao wamekariri. Mimi nayapita. Nimekaa hapa nje karibu na jiko, nawasikia wewe na Shangazi Yusta huko ndani mnakunja nguo na kucheka mambo ambayo hamtaki niyasikie. Kesho unapanda basi kwenda Mbeya kusomea uuguzi, na katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kupanda basi kwa sababu ya namna hiyo. Mimi mwenyewe darasa la saba nililifikia, halafu mimi na hesabu tukaachana kwa amani. Kwa hiyo mwandiko huu uusome kwa huruma.

Naandika kwa sababu tangu siku ile nilipotoka ofisini kwa mtendaji wa kijiji, umekuwa unaniitikia "ndiyo, baba" na "hapana, baba" kama mtu aliyesimamishwa na trafiki. Ulijua nimekwenda kuandikisha bonde kwa jina lako. Ulinifulia hata shati. Niliporudi ukanipokea njiani, "Baba, tayari?" Nikasema bado. Ukauliza kwa nini, nikaanza kukusimulia habari za Tunduma. Ukaniangalia tu, ukaingia ndani, nikakusikia unamwambia mama yako, "Anamwekea Kelvin. Si mimi ni msichana tu."

Mwanangu, neno hilo limekaa kooni kwangu kama mfupa wa kuku. Kaka yako Kelvin yuko Makongolosi anachimba dhahabu ambayo mpaka leo hajaiona, na bonde hajawahi kuniuliza hata kwa meseji. Akija hapa anakula mahindi, anasifia, anaondoka. Si Kelvin. Wala si usichana wako. Kuna jambo jingine, nami nalizunguka kwa sababu ndiyo nilivyozoea, nalizunguka tangu hujazaliwa. Nivumilie, nitafika.

Unakumbuka yalivyoanza masika hii pale kilabuni kwa shangazi yako. Wewe ulikuwa ndani unasuuza vikombe, hukuyasikia yote. Mvua inapiga bati, ulanzi umekolea, watu wamejibana kwenye mabenchi kama mbao kwenye lori. Mzee Fidelis, jirani yetu mwenye miti ya misindano mingi mpaka yeye mwenyewe hupotea ndani yake, akaingia ameshika simu juu juu isilowe.

"Kamweneni! Jamani, huko Ulaya wakulima wameingia mjini na matrekta."

"Wamekwenda kununua nini?" nikauliza.

"Wameandamana, Baba Kelvin. Serikali yao inataka kodi ya urithi. Baba akifa, mtoto alipie shamba ndipo alilime."

Kila mtu akashusha kikombe. Nadhani ni mara ya kwanza vikombe kushushwa pale kabla havijaisha. Halafu mtu mmoja kule kwenye kona akasema, "Na huku inakuja." Nani alisema, sijui. Ila kufikia saa ya kufunga ilikuwa imeshakuja, imepitishwa, na ina mkaguzi wake, mtu mfupi mwenye koti la kijivu ambaye kuna waliomwona pale njia panda.

Sasa yule kijana Tulo anayepasua mbao za watu akasema, "Mimi naona ni sawa."

Fidelis akageuka. "Unaona sawa nini wewe?"

"Baba yangu aliacha suruali mbili na kikohozi, mzee. Nyie mmezaliwa mmeikuta miti imesimama. Aliyeikuta achangie kidogo, na sisi wengine tupate zahanati."

"Ilisimama yenyewe? Nani alipalilia? Moto ukija nani alikuwa analala porini na matawi mabichi mkononi?"

"Baba yako."

"Basi baba yangu alishalipa kwa mgongo wake! Tulipe mara ngapi? Shamba si hela, kijana. Leo ukate kipande ulipie kodi, akifa mwingine mkate kipande, mjukuu wangu atarithi uchochoro."

"Afadhali uchochoro, mzee. Mimi hata pa kupita sina."

Nilimsikiliza Fidelis nikaona ana haki. Nikamsikiliza Tulo nikaona na yeye ana haki, hali ambayo huwa inanikera sana, maana kilabuni mtu unataka upande mmoja tu. Nikaona niwachekeshe. Nikasimama, nikasema, "Kwangu hiyo kodi haiji. Shamba langu sikurithi kwa jasho la mtu, nilipata kwa bahati. Bahati haina kodi!"

Walicheka. Tulo hakucheka. Akaniambia kwa adabu kabisa, "Baba Kelvin, samahani. Bahati ndiyo ingeanza. Mtu ukimtoza jasho lake atalia. Wewe ukitozwa bahati yako utalia nini?"

Watu wakapiga meza. Wakampigia yule mtoto meza mbele yangu! Nikamgeukia dada yangu Yusta anijibie, maana unajua shangazi yako huwa hakubali nichekwe na mwingine zaidi yake. Alikuwa ananijazia kikombe. Akajaza, akajaza, ulanzi ukamwagika mpaka kwenye magoti yangu, naye akasema tu, "Kunywa, Festo."

Unajua yaliyofuata, kijiji kizima kiliugua. Baba yako mkubwa Melkiori akaandikisha shamba lake kwa jina la mjukuu ambaye hajaacha kunyonya, na siku hizi wakitaka kupanda maharage wanamwomba ruhusa kwa kumtekenya. Mzee Fidelis naye, mtu mwenye akili zake, akaingiza watu wakakata misindano michanga ya upande wa mto, ile ambayo ilikuwa bado haijafika hata ya kupasua mbao, akaiuza mirunda ya ujenzi. Hesabu yake ni kwamba pasipo na miti hapana cha kurithi, na pasipo na cha kurithi hakuna kodi. Nilimkuta amesimama kati ya visiki, kofia mkononi.

"Nimeokoa," akaniambia.

"Umeokoa nini?"

"Kodi."

"Ya miti ipi?"

Akaangalia visiki. Na mimi kwa mara ya kwanza sikuona raha ya kumshinda mtu kwa maneno. Miti ile aliipanda yeye na marehemu mke wake. Mvua zijazo atapanda tena, lakini sasa atapanda peke yake.

Mtendaji alipoitisha mkutano alisema wazi kuwa hizo ni habari za nchi za watu, na kwamba hapa kwetu kodi ya kurithi shamba la baba yako haipo. Akasema, "Andikisheni mashamba kwa sababu ni yenu. Msiandikishe kwa sababu mmetishwa kilabuni." Watu wakaguna, wengine wakamtafuta aliyeanza, kila mmoja akamwonyesha mwenzake.

Mimi sikuwa nimetishwa. Mimi nilikuwa nimechomwa na lile neno la Tulo. Nikasema ngoja niliandike bonde kwa jina la Vena, mtoto aende Mbeya akijua ana pa kurudi, na mimi niache kusikia kitu kinanikwaruza. Ndiyo ile siku ya shati.

Nikaingia ofisini. Mtendaji wetu unamjua, binti mdogo hata kwa Kelvin, lakini akivaa miwani unajikuta unavua kofia. Akaniuliza jina, nikatoa. Ukubwa wa shamba, nikatoa na nyongeza kidogo. Majirani, nikawataja na tabia zao. Halafu akauliza, "Umelipataje, baba?"

"Kwa bahati," nikasema, na meno yote nje.

Kalamu ikasimama. "Bahati sina pa kuiandika, baba. Kuna kurithi, kuna kununua, kuna kupewa. Lako ni lipi?"

"Kurithi."

"Mlikuwa warithi wangapi?"

"Watatu. Kaka yangu, dada yangu na mimi."

"Kila mmoja alipata lake?"

Swali jepesi, Vena. Hata mbuzi angejibu. Nikamwambia kuna kitu nimekisahau kwenye bodaboda, nakuja. Sikuwa nimekuja na bodaboda, nilikuja kwa miguu. Nikatoka, nikatembea mpaka kwenye chemchemi, nikakaa pale juani kama mjusi, na shati lako ulilonifulia nikalichafua kwa tope.

Ngoja sasa nikurudishe kwenye siku ya kisu, kama nilivyokusimulia mara nyingi, ila leo nitaweka na vile vipande ambavyo huwa naviruka.

Wakati huo nilikuwa mtu, usinione hivi. Nilikuwa utingo wa malori ya mbao. Nimelala Tunduma, nimevuka Zambia, nimekula ugali wa Wazambia kwa samaki wadogo wadogo na nikawafundisha kuitikia salamu yetu ya kamwene. Nilikuwa na nywele! Usicheke, mwulize mama yako. Nywele nyingi, nimeziachia, na kitana chekundu nimekichomeka nyuma kichwani kama jogoo, ila mbele ya wazee nilikuwa nakificha mfukoni. Kitana kile kilikuwa kimevunjika meno mawili upande mmoja, niliyavunjia Uyole nikifungua nacho chupa ya soda. Nilipokuwa nikishuka kwenye lori pale barabarani, wasichana walikuwa wanaacha ndoo. Mama yako anasema hawakuacha ndoo. Yeye aliacha.

Babu yako akaugua. Mimi nikaendelea na safari. Nilijiambia nikirudi nitamletea blanketi zuri kutoka Tunduma, na kweli nilileta, na wewe ulilalia blanketi hilo. Aliyemwogesha, aliyempikia uji, aliyemgeuza kitandani ni Yusta. Alikuwa amerudi nyumbani, ndoa imemshinda, mtoto hakupata, na watu walikuwa wanamwuliza kila siku anarudi lini kwa mumewe kama vile ameazima nyumba yetu. Mzee alifariki, tukamzika pale juu kwa baba yako mkubwa Melkiori, na matanga yalipoisha ukoo ukakaa kugawa.

Melkiori kama kifungua mimba akabaki na nyumba na makaburi, hiyo haikuwa na mjadala. Vikabaki viwili, mlima na bonde. Wazee wakasema bonde apewe Festo na mlima pia apewe Festo, msichana ataolewa tena. Bibi yako akawaambia, "Aliyemwosha baba yake anaingia kwenye mgao. La sivyo nanyi tokeni kwangu." Wakaona njaa inakuja, wakakubali.

Basi ikawa ya kurusha. Unajua kwetu inavyokuwa: kila mrithi anatoa kitu chake kimoja cha kila siku, kinawekwa kwenye kapu na kufunikwa. Anaitwa mama wa ukoo mwingine asiyejua kipi ni cha nani. Anasimama mpakani, anaingiza mkono. Kitakachotoka kwanza anakirusha bondeni, cha pili anakirusha mlimani. Kitu chako kilipoangukia, hapo ndipo pako, na hakuna kulia.

Mimi nilikuwa nimechelewa. Lori liliharibika Igawa, ndivyo nilivyosema. Liliharibika kweli, lakini likatengenezwa upesi, mimi na dereva tukaona tumalizie na nyama choma. Kwa hiyo kwenye kapu Yusta ndiye aliweka chake na changu. Niliacha kitana nyumbani safari ile, juu ya dirisha.

Nilishuka barabarani nikawaona watu wote wamesimama mpakani, nikakimbia. Nafika, yule mama ameshatupa. Baba yangu mdogo ameshuka bondeni, ameinua kitu juu kinang'aa. "Kisu!" akapaza sauti. "Na kule mlimani ni kitana! Kisu cha nani?"

Mwanangu, fikiria mwenyewe. Kisu na kitana, mwanaume na mwanamke. Kila mtu pale alishajibu moyoni. Na Yusta akajibu kwa mdomo, haraka, kabla sijameza mate: "Cha Festo."

Halafu akapanda kule mlimani kwenye mawe, akainama, akaokota kitana chekundu, akakifuta kwenye kanga, akakichomeka kwenye nywele zake. Akageukia upande wetu. Hakuniangalia mimi, alimwangalia mama yako, aliyekuwa amesimama nyuma yangu ameshika kiuno, na wewe tumboni umebakiza kidogo utoke.

Nikapewa kisu. Kisu kile kina mpini uliofungwa kwa uzi wa bluu. Unakijua, ndicho unachomenyea viazi mpaka leo. Uzi ule haukufungwa na mimi. Mtu aliyekuwa akimenyea viazi vya baba yangu mgonjwa ndiye aliyeufunga, mpini ulipopasuka.

Niliujua uzi. Nilikijua na kitana. Na nilisema nini? Nilirusha kofia juu, nikapiga kelele, "Nimezaliwa na bahati mimi!" Watu wakacheka, wakanibeba. Tangu siku hiyo sijanyamaza.

Nikuambie kitu kuhusu maneno ya kujisifu. Ukilisema jambo mara ya kwanza unajisikia una kokoto mdomoni. Ukilirudia kila siku, kokoto linakuwa laini, mwisho unalimumunya kama pipi. Mimi nilimumunya mpaka nikasahau ni jiwe. Nilikuwa nasimulia mbele yake, kilabuni kwake, kwa ulanzi wake, naye anacheka mahali pa kucheka.

Wewe ulikulia kwenye bonde lile. Nikifumba macho nakuona una kaptula ya Kelvin, umejipaka tope mpaka kwenye kope, unafukuza ndege kwa sufuria bovu. Ulikuwa unawahi kuamka wakati wa baridi, ukungu umejaa bondeni kama maziwa kwenye bakuli, unazama humo tunabaki kusikia sauti yako tu. Mama yako anaita, "Vena! Uko wapi?" Na wewe, "Niko chini ya mawingu!" Tulikuwa tunachoma mahindi kwenye tuta, unakula moja unaficha moja. Ukiulizwa la nani, unasema la shangazi.

Maana shangazi alikuwa anakuja. Kule kwake mlimani kiangazi hakuna maji, unajua. Alikuwa anashuka na ndoo, anafika pale kwenye mpaka wetu wenye ile mianzi, anasimama, anaita, "Hodi hapa!" Nami nikiwa katikati ya kabichi naitikia kwa madaha, "Karibu, dada, chota tu!" Nilikuwa najiona mkarimu kweli. Vena, mtu amesimama anapiga hodi kwenye kinyungu chake mwenyewe, na mimi namkaribisha.

Na ile miaka ya wazimu wa miti? Wewe ulikuwa umeanza shule. Kila mtu anapanda, na mimi nani nisipande? Nikajaza miti ya milingoti, ile inayokunywa maji, kuzunguka chemchemi yote, wewe ukinibebea miche kwenye beseni. Niliwaambia watu nitanunua lori langu mwenyewe. Milingoti ikapanda juu vizuri, na maji yakashuka chini vizuri. Ikafika kiangazi, chemchemi ikawa inatoka kama pua ya mtoto mwenye mafua. Siku hiyo shangazi yako hakupiga hodi. Alikuja na panga.

"Dada, unafanya nini? Miti yangu hiyo!"

"Nafyeka."

"Yusta, nitakupeleka kwa mwenyekiti!"

"Nipeleke. Ukishanipeleka urudi unisaidie huu mnene."

Akafyeka mpaka jioni. Mimi nilikaa nimenuna, wewe ukawa unamburutia matawi. Mvua mbili baadaye maji yakarudi. Nilimwambia nani? Nilimwambia kila mtu kwamba hata maji yananipenda.

Yeye mlima wake alipanda misindano kwenye mawe. Mwaka mmoja moto ukaila yote, zikabaki nguzo za umeme na moshi. Akapanda tena. Akapanda na mianzi kule chini, akagema ulanzi, akafungua kilabu. Hajaniomba kitu. Na mimi sikumpa kitu, nilimpa stori tu.

Sasa unajua kwa nini kalamu ya mtendaji ilisimama na mimi nikakimbia. Sikuweza kuandika bonde kwa jina lako, mama, kwa sababu sikujua kama ni langu la kutoa. Ningekupa kitu cha mtu mwingine, ungekwenda nacho Mbeya kifuani ukijua baba amekuamini, na shangazi yako angekuja hapa siku hiyo hiyo kukupigia vigelegele. Hilo ndilo lingenimaliza. Angepiga vigelegele kwa moyo wote.

Watu kilabuni bado wanabishana kama anayerithi alipe au asilipe. Mimi siwezi tena kuingia kwenye ubishi huo. La kwangu lilishalipiwa, na siye mimi niliyelipa. Mtu amelilipia kwa kubeba ndoo kupanda mlima miaka yote ya uhai wako.

Nimeamua hivi, na ninakuandikia kabla sijamwambia mtu, hata mama yako. Kesho basi lako likishaondoka, nitamwomba Yusta twende wote kwa mtendaji. Atasema ana kazi. Nitamvuta. Nikiulizwa nimelipataje, nitasema lilitoka kwa huyu hapa. Halafu nitanyamaza, jambo ambalo pale ofisini hawataliamini, na yeye ndiye atakayesema liandikwe jina la nani. Akisema Vena, litakuwa lako kweli, kutoka mkononi mwa mwenyewe. Akisema Yusta, litakuwa lake, na mimi nitasimama pale kwenye mianzi na ndoo yangu nipige hodi kama watu. Ukija likizo ukanikuta napiga hodi, usinicheke mbele za watu. Subiri tufike nyumbani.

Najua nakuondoa nyumbani bila kukushikisha kitu. Nilitaka uondoke umeshika hati, na unaondoka umeshika karatasi ya daftari yenye harufu ya moshi. Nisamehe kwa hilo. Lakini usiende ukiamini baba yako alikupima akakuona msichana tu. Siku ile mtu pekee aliyepimwa vizuri pale mpakani ulikuwa wewe, hata hujazaliwa, na aliyekupima akaona unatosha kupewa bonde zima.

Huko wodini utakutana na watu wa aina yake, wanaogeuza wagonjwa halafu wanasema hawajafanya kitu. Wewe utawajua haraka kuliko mimi. Mimi nilikuwa na mmoja nyumbani na nikamfanya mtazamaji wa majigambo yangu.

Kesho yeye ndiye atakayekusindikiza mpaka stendi, ameshasema hataki kusikia la mtu. Mkiwa mnangoja basi, mwangalie nyuma ya kichwa, pale chini ya kilemba. Utakiona kitana chekundu, kimepauka sana sasa, meno mawili hayapo. Mwulize alikipata wapi. Atacheka, atakwambia alikiokota tu mahali. Usimwamini.

Na mimi usiniamini pale nilipoanza barua hii. Bahati sikuwahi kuwa nayo, Vena. Kisu hakikuwa changu, na nilijua.

Baba yako,
Festo